Kamba ya Wakati: Mwongozo Kamili wa Kufundisha Historia Darasa la Tatu hadi la Tano

Mwulize mtoto wa darasa la tano uhuru wa Tanganyika ulipatikana lini, atakujibu bila kusita: tarehe 9 Desemba 1961. Sasa mwulize kama Mkwawa, mtemi wa Wahehe, aliwahi kuonana na Mwalimu Nyerere. Darasa litagawanyika. Wengine watasema walipigana na Wajerumani bega kwa bega, na wachache watauliza kama bibi yao naye aliwaona Wajerumani.

Mtoto huyo amekariri vizuri. Alichokosa ni mahali pa kuuweka mwaka aliokariri. Kwake 1891, 1905 na 1961 ni namba tatu tu, kama namba za simu, zote ziko mbali kwa kiasi kilekile. Kumwongezea miaka mingine ya kukariri hakumsaidii.

Mwongozo huu unashughulikia hilo moja: kumpa mtoto urefu wa muda anaoweza kuuona kwa macho na kuupima kwa rula. Kazi yote inachukua vipindi 11 vya dakika 40, na inawezekana katika darasa la watoto 70 lenye vitabu vichache.

## Vifaa

Vikusanye vyote kabla ya kipindi cha kwanza. Kamba ikikosekana katikati ya kazi, watoto husahau kipimo na unalazimika kuanza upya.

- Kamba ya katani yenye unene wa kidole kidogo, mita 22. Mita 20 ni za kazi, na mita moja kila upande ni ya kufungia.
- Uzi mnene au kamba nyembamba, vipande 10 vya mita moja, kimoja kwa kila kundi.
- Tepu ya fundi seremala ya mita 5 au zaidi. Futi ya fundi cherehani ina sentimita 150 tu. Itakuchelewesha na kukukosesha.
- Vitambaa chakavu vya rangi nne tofauti, pamoja na vipande vidogo 21 vya kitenge vya kufungia kwenye kamba.
- Katoni kuukuu za kukata kadi za sentimita 15 kwa 10. Kata 40.
- Vibanio vya nguo 40. Vikikosekana, toboa kadi na uzifunge kwa uzi.
- Kalamu nene ya wino, penseli za rangi, chaki.
- Kokoto 300 za ukubwa wa punje ya karanga. Watume watoto waokote siku moja kabla.
- Vitu vya zamani vitatu au vinne vya kuazima kijijini au mtaani: taa ya chemli, pasi ya mkaa, redio ya zamani, sarafu.

Usinunue kamba ya nailoni. Inavutika, na baada ya wiki moja mita zako 20 zimekuwa 20 na ushee, kadi zikahama mahali pake.

## Kabla ya kuingia darasani: chagua matukio 12

Hili ndilo jambo gumu kwa mwalimu anayelipenda somo lake. Kila tukio linaonekana muhimu. Ukitundika 30, watoto wataona msitu wa kadi wala hawataona njia. Anza na haya, kisha waachie watoto waongeze ya kwao.

Kamba inaanzia mwaka 1830 na kuishia 2030. Kila mwaka ni sentimita 10, kila miaka kumi ni mita moja. Kupata mahali pa tukio, toa 1830 kutoka kwenye mwaka wake, kisha zidisha kwa 10. Jibu ni sentimita kutoka mwanzo wa kamba.

- 1840, Seyyid Said ahamishia makao yake Zanzibar: mita 1
- 1873, soko la watumwa la Zanzibar lafungwa: mita 4.3
- 1885, Kaizari wa Ujerumani aipa kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi: mita 5.5
- 1888, Abushiri na watu wa pwani wapigana na kampuni hiyo: mita 5.8
- 1891, Wahehe washinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo: mita 6.1
- 1905, vita vya Maji Maji vyaanza: mita 7.5
- 1954, TANU yaanzishwa: mita 12.4
- 1961, uhuru wa Tanganyika: mita 13.1
- 1964, Mapinduzi ya Zanzibar, kisha Muungano: mita 13.4
- 1967, Azimio la Arusha: mita 13.7
- 1978, vita vya Kagera vyaanza: mita 14.8
- 1999, Mwalimu Nyerere afariki: mita 16.9

Mtoto aliyezaliwa 2016 yuko kwenye mita 18.6. Kutoka hapo hadi mwisho wa kamba pana nafasi tupu, na iache hivyo.

Utaona kati ya 7.5 na 12.4 hakuna kadi hata moja. Pengo hilo limeachwa makusudi. Tutalirudia kwenye hatua ya nne.

## Hatua ya 1: Maisha ya mtoto kwenye mita moja (kipindi 1)

Usianze na Seyyid Said. Anza na mtoto.

1. Gawa darasa katika makundi 10. Kila kundi lipate uzi wa mita moja.
2. Waambie kila sentimita 10 ni mwaka mmoja. Watie alama kwa penseli kila baada ya sentimita 10, wakiipima kwa rula.
3. Kundi lichague mtoto mmoja wa kusimuliwa. Afunge kitambaa kidogo mahali alipozaliwa, alipoanza darasa la kwanza, na mahali pa jambo moja alilochagua mwenyewe: mdogo wake kuzaliwa, kuhama nyumba, umeme kufika.
4. Kila kundi liseme sentensi tatu zenye maneno kabla ya, baada ya na wakati uleule.

Kipimo lazima kiwe sentimita 10 kwa mwaka, sawasawa na kamba kubwa. Walimu wengi hupunguza hapa ili wabane karatasi, halafu mtoto akifika kwenye kamba ya mita 20 hana cha kulinganishia. Uzi huu mdogo ndio fimbo yake ya kupimia. Baadaye atauchukua na kuuweka juu ya kamba kubwa, aone kwamba kutoka Maji Maji hadi uhuru maisha yake yote yanaingia mara tano na nusu, na bado pabaki.

Tahadhari. Wapo watoto wasiojua tarehe ya kuzaliwa, na wapo waliofiwa. Kadi ya kliniki husaidia kwa mwaka, lakini usimlazimishe mtoto yeyote kusimama na kusimulia. Ndiyo maana kundi huchagua msimulizi mmoja anayependa.

Umefanikiwa ikiwa mtoto anaweza kukuonyesha kwa kidole mahali palipo miaka minne iliyopita bila kuhesabu upya tangu mwanzo.

## Hatua ya 2: Mzee mmoja, maswali manne (kazi ya nyumbani na kipindi 1)

Kati ya mtoto na historia ya kitabuni pana daraja, nalo ni mzee anayemfahamu. Wape watoto siku mbili za kumwendea bibi, babu au jirani mwenye umri mkubwa, wakiwa na maswali haya kwenye daftari:

1. Shikamoo. Ulizaliwa mwaka gani, au wakati wa tukio gani?
2. Ulipokuwa na umri kama wangu, ulikuwa unafanya kazi gani asubuhi?
3. Ni kitu gani kilikuwepo wakati ule ambacho siku hizi hakipo?
4. Kuna jambo gani lilitokea hapa kwetu ambalo watu wote walilizungumza?

Swali la kwanza limeandikwa hivyo kwa sababu wazee wengi hawahesabu kwa namba. Mzee atasema alizaliwa mwaka wa njaa, au alikuwa anaanza kutembea wakati wa kuhamishiwa vijijini, au mama alikuwa na mimba yake vita vya Idi Amin vilipopiganwa. Usiwafundishe watoto kuyaona hayo kuwa majibu pungufu. Ni tarehe kamili, ila zimeandikwa kwa matukio. Kazi ya kipindi ni kuzigeuza: kuhamishiwa vijijini kulifanyika kwa nguvu zaidi kati ya 1973 na 1976, na vita vya Kagera vilipiganwa 1978 hadi 1979.

Baada ya hapo fanyeni hesabu pamoja. Bibi aliyezaliwa 1955 alikuwa na miaka sita siku ya uhuru, umri wa mtoto wa darasa la kwanza. Je, aliwaona watawala wa Kijerumani? Utawala wao ulikwisha zaidi ya miaka 35 kabla hajazaliwa. Mtoto akilifikia jibu hilo mwenyewe, amepiga hatua kubwa kuliko kukariri tarehe 20.

Linaloharibika hapa: kuuliza "Ulipigania uhuru?" Mzee atapenda kumfurahisha mtoto, na simulizi itapinda. Maswali ya kazi za asubuhi na vitu vilivyokuwepo huleta majibu ya kweli.

## Hatua ya 3: Kutia alama na kufunga kamba (kipindi 1)

Kazi hii inaonekana nyepesi, na ndiyo inayoharibika mara nyingi kuliko zote. Fuata mpangilio huu.

1. Siku moja kabla, ifunge kamba kati ya miti miwili au nguzo mbili na uivute ikaze. Iache usiku kucha ili inyooke. Isinyeshewe, kwa sababu katani ikilowa hubadilika urefu.
2. Pima mita moja kutoka ncha ya kushoto. Hapo ndipo mwanzo, mwaka 1830. Funga kipande cha kitenge.
3. Kutoka mwanzo huo, tia alama kila mita hadi ya 20. Tepu yako ikiwa fupi, tia alama kwenye mita 5, 10, 15 na 20 kwanza, kisha ujaze za katikati.
4. Kila alama funga kipande cha kitenge na kadi ndogo ya mwaka: 1830, 1840, 1850, kuendelea.
5. Ifunge kamba ukutani kwa urefu wa kifua cha mtoto. Ikiwa juu sana watoto hawataigusa, na kamba isiyoguswa inageuka pambo.

Usipige mafundo. Kila fundo linakula sentimita kadhaa za kamba, na kwa mafundo 21 unapoteza zaidi ya nusu mita. Tukio la 1961 litasogea miaka kadhaa na hutajua kosa limetoka wapi. Funga vitambaa tu juu ya kamba.

Usipime kutoka alama moja hadi inayofuata. Kosa la sentimita mbili kila mara huwa sentimita 40 mwishoni. Hesabu daima kutoka mwanzo.

Ukuta mmoja wa darasa hautoshi mita 20, kwa hiyo kamba itazunguka kuta tatu. Kwenye kila kona chora mshale mkubwa wa chaki unaoelekea wakati wa sasa, maana watoto hudhani kona ni mwisho wa jambo moja na mwanzo wa jingine. Mwelekeo uwe wa kushoto kwenda kulia, kama wanavyoandika.

## Hatua ya 4: Kadi na vitambaa vya tawala (vipindi 2)

Kadi ya kwanza na ya pili zitengeneze pamoja na darasa zima, ubaoni, ili kila mtoto aone mfano. Kumi zilizobaki zigawe, moja kwa kila kundi.

Mbele ya kadi: mchoro na sentensi moja isiyozidi maneno manane. "Wahehe walishinda jeshi la Wajerumani Lugalo" inatosha. Nyuma ya kadi: mwaka, na jibu la swali "Tumejuaje?" Kitabu, mzee, picha, mnara, kaburi. Jibu lolote la kweli linafaa.

Mwaka uwe nyuma, usiwe mbele. Ukiwa mbele watoto watapanga namba kutoka ndogo hadi kubwa bila kusoma tukio, nawe utadhani wameelewa historia kumbe wameonyesha hesabu.

Kundi lipige hesabu ya mahali, liende kwenye kamba, lipime, libane kadi. Kundi la jirani likague kwa tepu. Kadi za 1961, 1964 na 1967 ziko ndani ya sentimita 60, hivyo zitakaribiana sana. Mojawapo ibane juu ya kamba, nyingine iteremke kwa uzi wa sentimita 20, ya tatu kwa uzi wa 40. Mtoto akiuliza kwa nini pale pamebanana, umepata swali zuri la kipindi kizima: ilikuwaje mambo makubwa hivyo yatokee ndani ya miaka saba?

Sasa vitambaa. Vita na tawala hazikutokea siku moja, kwa hiyo kuziweka kama kadi moja kunapotosha. Kata vitambaa virefu:

- Juu ya kamba, rangi ya kwanza, utawala wa Wajerumani bara: kutoka mita 5.5 hadi 8.8.
- Juu ya kamba, rangi ya pili, utawala wa Waingereza Tanganyika: kutoka mita 8.6 hadi 13.1.
- Chini ya kamba, rangi ya tatu, usultani wa Zanzibar: kutoka mita 1 hadi 13.4.
- Chini yake tena, rangi ya nne, himaya ya Uingereza Zanzibar: kutoka mita 6 hadi 13.3.

Vitambaa viwili vya juu vinapishana kwa sentimita 20. Si kosa. Majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Dar es Salaam Septemba 1916, lakini Wajerumani waliendelea kupigana hadi Novemba 1918. Miaka miwili hiyo wananchi walikuwa na watawala wawili, na wote waliwachukua vijana kwenda kubeba mizigo ya vita.

Vitambaa vya chini vinaonyesha kitu ambacho watoto wa bara hukosa kabisa: Zanzibar ilikuwa na safari yake. Waingereza walikuwa Zanzibar tangu 1890, Wajerumani wakiwa bado bara. Walimu wengi hufundisha "Wajerumani wakaja, wakaondoka, Waingereza wakaja" kana kwamba nchi ilikuwa moja tangu zamani, na mtoto anashindwa kuelewa 1964 waliungana nani na nani. Kwenye kamba anaona vitambaa vya juu na vya chini vikikoma, na kadi ya Muungano ikiwa hapo hapo.

Kuhusu lile pengo kati ya 1905 na 1954, waulize watoto: miaka karibu 50 hiyo watu walikuwa wamelala? Waache wajaze wenyewe kwa muda wa wiki mbili: mwaka shule yao ilipojengwa, mwaka babu wa babu alipozaliwa. Wewe ongeza mawili: reli ya kati kufika Kigoma 1914, na kuanzishwa mwaka 1929 kwa African Association, chama kilichokuja kuitwa TAA na kuzaa TANU. Watoto wataona kwamba TANU haikuanguka kutoka mbinguni.

## Hatua ya 5: Tukio moja kwa kina (vipindi 3)

Matukio 12 yapitie kwa haraka, lakini moja lichimbe. Maji Maji inafaa kuliko yote, kwa sababu ina chanzo kinachoeleweka kwa mtoto wa mkulima, na kwa sababu hufundishwa vibaya kupita kiasi.

Kipindi cha kwanza: kwa nini pamba? Chora duara mbili chini kwa kila kundi: shamba la chakula, na kazi za nyumbani kama kuezeka na kuchota maji. Kila kundi lipewe kokoto 30, siku za mwezi mmoja wa kupanda. Wazigawe wapendavyo. Halafu chora duara la tatu, shamba la pamba la serikali, utangaze kwamba kokoto 10 ziende huko kabla ya kitu kingine. Waulize wameziondoa wapi. Makundi mengi huondoa kwenye chakula.

Waambie wazi kwamba 10 ni namba ya mchezo tu. Jambo lenyewe ni la kweli: watu wa kusini walilazimishwa kulima pamba ya kuuzwa Ujerumani, kwa malipo madogo mno, na wasimamizi walitumia viboko. Julai 1905, huko Nandete kwenye milima ya Umatumbi, watu waling'oa pamba.

Kipindi cha pili: kwa nini maji? Hapa ndipo somo linapoharibika. Mwalimu anasema watu waliamini maji yangegeuza risasi kuwa maji, darasa zima linacheka, kengele inalia. Mtoto anatoka akiamini mababu zake walikuwa wajinga, na hilo ni dhuluma kwa wale watu na kwa mtoto mwenyewe.

Uliza swali jingine. Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni walikuwa na lugha tofauti na viongozi tofauti, na baadhi yao waliwahi kupigana wao kwa wao. Ni kitu gani kingewafanya wasimame pamoja? Acha watoto wapendekeze. Kisha waeleze kwamba Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aliwapa dawa moja na ujumbe mmoja, na kwamba waliokunywa maji yale walijiona watu wa upande mmoja. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza, navyo viliendelea karibu miaka miwili bila yeye. Waulize watoto hilo linatuonyesha nini.

Kipindi cha tatu: kilichofuata. Jeshi la Wajerumani lilichoma mazao na maghala. Njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya waliokufa yanatofautiana sana, kutoka 75,000 hadi 300,000, na watoto waambiwe zote mbili. Waulize: nani angehesabu? Nani angetaka idadi ionekane ndogo? Mtoto wa miaka 10 analiweza swali hilo vizuri kabisa. Malizia kwa mapema 1906, viongozi wa Wangoni waliponyongwa Songea, mahali ambapo leo pana makumbusho ya Maji Maji.

Tahadhari. Usiigize viboko, minyororo wala kunyonga. Usimpe mtoto fimbo awe mnyapara. Kwenye mada ya biashara ya utumwa usiwafunge watoto kamba wakatembea mstari mmoja. Wachache watacheka, na mmoja ataumia kwa namna ambayo huenda usiigundue. Kokoto zinatosha.

Na kwa kuwa somo sasa linaitwa Historia ya Tanzania na Maadili, kishawishi cha kurukia funzo ni kikubwa: "kwa hiyo watoto, tupendane". Lichelewesheni. Mtoto asiyejua kwa nini watu walipigana hana pa kulifungia funzo hilo.

## Hatua ya 6: Vitu vinavyosema (kipindi 1)

Weka vitu vya kuazima mezani. Kila kundi lishike kimoja kwa dakika tano, kisha libadilishane. Maswali ni matatu: Kimetengenezwa na nini? Kilitumikaje? Kinatuambia nini ambacho kitabu chetu hakisemi?

Sarafu ndiyo bora. Sarafu ya Afrika Mashariki ya enzi za Waingereza ina mwaka na jina la mfalme. Sarafu ya heller ya Wajerumani ina mwaka pia. Mtoto anasoma mwaka, anapiga hesabu, anaibana picha yake kwenye kamba. Iangukie ndani ya kitambaa cha rangi gani? Hapo kamba yenyewe inamjibu.

Andika jina la mwenye kila kitu na ukirudishe siku hiyohiyo. Kitu cha bibi kikipotea, hutaazimwa kingine kijiji kizima.

## Hatua ya 7: Uwanjani, kabla ya 1830 (kipindi 1)

Toka na darasa. Chukueni kamba mkaitandaze pembeni ya uwanja, kisha mpime kurudi nyuma kutoka mwaka 1830, kwa kipimo kilekile. Kila mahali asimame mtoto mwenye kadi.

- 1698, Waomani waiteka Ngome ya Yesu Mombasa: mita 13.2 nyuma
- 1593, Wareno waanza kuijenga ngome hiyo: mita 23.7
- 1498, Vasco da Gama afika Mombasa na Malindi: mita 33.2
- 1331, msafiri Ibn Battuta aitembelea Kilwa: mita 49.9

Mtoto mwenye kadi ya Ibn Battuta atakuwa mbali mpaka inabidi kumpigia kelele. Wenzake waeleze wanachokiona: Kilwa ilikuwa mji mkubwa wa Waislamu wenye biashara ya dhahabu, muda mrefu kabla Mzungu yeyote hajafika na meli.

Kisha waulize fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililopatikana Olduvai mwaka 1959, liwekwe wapi. Lina umri wa takriban miaka milioni 1.75. Kwa kipimo chetu ni kilomita 175: ukitoka Dar es Salaam unakaribia kufika Morogoro. Nyayo za Laetoli, zenye miaka kama milioni 3.6, ni kilomita 360. Tafuta mapema mji ulio umbali huo kutoka shuleni kwako, mji ambao watoto wamewahi kupanda basi kwenda. Nyamaza kidogo baada ya kuutaja.

## Hatua ya 8: Kupima kama wameelewa (kipindi 1)

Usiulize "taja mwaka". Ondoa kadi zote, zichanganye, ficha upande wa nyuma.

1. Kundi lipange kadi sita kwa mfuatano na lieleze kwa nini moja haiwezi kutangulia nyingine.
2. Maswali ya nani angeweza kukutana na nani. Mkwawa alikufa 1898, Nyerere alizaliwa 1922: haiwezekani. Mkwawa na Kinjikitile: waliishi wakati mmoja. Abeid Amani Karume alizaliwa 1905: ni tukio gani lilianza mwaka huohuo?
3. Swali gumu: fuvu la Mkwawa lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Kwenye kamba liko karibu na kadi gani, na watu wa wakati ule wangeweza kulichukuliaje jambo hilo?
4. Mtego: uhuru wa 1961 uko katika karne ya ngapi? Watakaojibu "ya 19" ni wengi. Warudishe kwenye kamba, waone karne ya 19 inakoma mita 7, mwisho wa mwaka 1900.

Wakishindwa la kwanza, rudi hatua ya 4. Wakishindwa la pili, rudi hatua ya 2, maana daraja la mzee halijakaa. La nne huhitaji tu kurudiwa kila wiki.

## Kuitunza kamba

Darasa lisilofungwa kwa kufuli lisiachiwe kamba usiku. Usiikunje kama mpira wa matambara. Izungushe juu ya ubao wa mita moja, kadi zikiwa ndani ya bahasha kwa mfuatano. Panya hupenda katani, hivyo itundike juu. Ukiirudisha ukutani, kagua mita 10 na mita 20 kwa tepu kabla ya watoto kuingia.

Mwaka mpya ukianza, darasa jipya lianze na uzi wake wa mita moja na kadi zake. Zile kadi za pengo walizojaza waliotangulia, za shule kujengwa na za babu wa babu, ziachwe kwenye kamba.